Ndege wa Msumari

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, mwaka wa 2025, moshi wa jaa la Dandora ulitambaa hadi mtaa wa Mowlem, ukapenya chini ya mlango wa saiba, duka la intaneti la Sally, na kumkuta Vivian Ayuma mbele ya kompyuta, kidole chake kikifuata maneno kwenye kioo kama alivyozoea katika darasa la ngumbaru, la kisomo cha watu wazima. Nyuma ya kiti chake alisimama Kinyanjui, mfanyabiashara wa akala, viatu vya matairi, kutoka soko la Kariokor, ambaye alikuwa amemwajiri amtengenezee tovuti. Tangu aingie, alikuwa amekataa kuketi.

"Huyu ni nani?" aliuliza, akigusa sehemu ya chini kabisa ya ukurasa. "Clare Mwongeli. Ni nani huyu anayening'inia mlangoni mwa duka langu?"

"Ndiye aliyebuni kiolezo, mzee," Ayuma alijibu. "Rangi, nafasi za picha, mpangilio wote ni kazi yake. Amekitoa bure, hata kwa biashara, na tunaruhusiwa kubadilisha tutakacho. Anaomba tu jina lake libaki pale chini."

"Cha bure ni cha bure. Wanaookota chupa kule Dandora huuliza ni nani aliyezitupa?"

"Hiki hakikutupwa, mzee. Kimewekwa."

Sally alicheka huko kaunta. "Buda, hiyo ni kama maji ya kanisa. Kunywa ushibe, lakini kikombe usibebe!"

Kinyanjui hakucheka. Wanunuzi wa ng'ambo wangeufungua ukurasa huo jioni, naye alitaka waone jina moja tu. Akainama hadi Ayuma akasikia harufu ya gundi katika koti lake.

"Mama Tiffany," alimwambia kwa upole uliomtia baridi, "meza ya mzee wako Nabiswa iko chini ya paa langu kule Kariokor. Anakata akala zake pale, mvua haimgusi. Ama?"

"Ni kweli."

"Basi futa."

Ayuma akafuta. Herufi ziliondoka kuanzia mwisho, bila kelele. Yeye aliyezisaka akiwa mtu mzima, kila moja kwa jasho lake, hakuwahi kufikiri kwamba zingeweza kwenda upesi namna ile.

"Umeona? Hakuna aliyekufa. Sasa weka picha."

Akaziweka. Akala kwa juu, akala kwa ubavu, kisha akala iliyogeuzwa, soli ikitazama juu. Hiyo ya mwisho akaikuza ili aipunguze kingo, na mkono wake ukasita juu ya kipanya.

Nabiswa, mumewe, hakuruhusu akala itoke mkononi mwake kwenda kuuzwa na Kinyanjui kabla ya kuchoma msumari katika makaa na kumchora ndege mdogo karibu na kisigino. Ndivyo mafundi waliomfunza kazi walivyofanya, kila mmoja na alama yake, ili mteja aliyeridhika ajue pa kurudi. Lakini jioni nyingi Nabiswa alishangaa mbona harudi mtu.

Pale kwenye kioo, karibu na kisigino, hapakuwa na ndege. Palikuwa na kidonda cheupe, mikwaruzo ya kisu iliyoelekea upande mmoja. Mkia tu ndio uliosalia.

"Mbona umesita?"

"Naitazama kazi ya mume wangu, mzee."

Nyuma yake, koti lilikoma kuchakarika. Ayuma akashuka hadi chini ya ukurasa na kuanza kuandika, herufi kwa herufi, hadi Clare Mwongeli akarudi mahali pake.

"Kwa mkono wangu ukurasa utatoka hivi," alisema bila kugeuka, "au hautatoka."

Kinyanjui aliitazama saa yake. Kisha, kwa sauti ileile ya upole: "Utoe."

Akabofya. Ukurasa ukaenda hewani. Ndipo Kinyanjui alipotoa simu, akasubiri ipokewe, akasema maneno machache tu: "Ile meza ya Nabiswa. Iwekeni nje."

Ayuma alipofika Kariokor, wingu lilikuwa limeshukia mabati. Meza ilisimama kwenye tope, mguu mmoja ukiyumba. Nabiswa alikuwa amechutama kando yake, akilikinga jiko la makaa kwa kipande cha tairi. Chini ya paa walisimama wanaume wa Kinyanjui. Mmoja wao alikuwa akikunja na kukunjua kisu.

"Jina umeliacha?" Nabiswa aliuliza, baada ya kuelezwa yote.

"Nimeliacha, Baba Tiffany."

Alipapasa soli ya akala ya mwisho aliyoikata kwa kidole gumba, mahali alipozoea kumweka ndege. Kisha akaigeuza. Akauchomoa msumari uliokuwa mwekundu na kuushikilia juu ya ukanda wa mbele, pale mguu unapopita.

"Hapa," alisema. "Wakikwaruza hapa, ukanda utakatika."

Moshi mwembamba wa mpira ukapanda. Kisu kule chini ya paa kikaacha kukunjwa. Tone la kwanza la mvua lilianguka katika makaa, likageuka mvuke, na Ayuma akasogea karibu, akautandaza mtandio wake juu ya jiko kulikinga na mvua.

Nawe uliyefika hapa, mpe mwenzako hadithi hii. Iende kwake na jina la Clare Mwongeli, na la Nabiswa, yote mawili yakiwa mahali pake.