Januari ya Mwamkulu

Asubuhi ya tarehe thelathini na mbili Januari, mwaka tisini na sita, Ernestine aliipua sufuria ya uji, akafuta mikono, akaenda kuchana ukurasa wa kalenda ya parokia. Chini ya Januari akakuta Januari nyingine.

Hakushangaa. Tumbaku yake ilipimwa tangu Agosti, marobota manane, na kila alipofuata hela, Osward, karani wa wanunuzi, alimwonyesha tangazo la Kiingereza ukutani. Mwalimu Gratien ndiye aliyewafasiria wakulima: malipo ni mwisho wa mwezi.

"Maana tumeelewa, mwalimu," Ernestine alimwambia. "Matumizi yake je?"

"Hutumika mtu asipotaka kutaja ni mwezi gani, mama Laurence." Gratien naye alikuwa akidai.

Kilichomuuma Ernestine ni Laurence, bintiye wa kwanza, aliyechaguliwa kidato cha kwanza. Barua ya shule ilisema karo ilipwe kabla Januari haijaisha, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Mtoto alikuwa amelia siku mbili, na mama alilia naye.

Redio ilitangaza Februari. Abiria wa treni ya Tabora walishuka Mpanda na Februari yao, lakini waliofika Mwamkulu walikuta Januari, wakaendelea na shughuli. Padre alipanga Kwaresima kwa kuhesabia vidole. Mahindi yalikomaa tarehe hamsini na moja, Ernestine akayauza mabichi, fungu kwa fungu.

Tarehe sitini na nane alifika shuleni na noti zilizokunjwa kwenye kitenge, kalenda kwapani. Sista Gaudensia, mkuu wa shule, alizihesabu tarehe kwa penseli, moja moja.

"Umewahi, mama," alisema, akaandika risiti.

Laurence alimaliza kidato cha nne tarehe elfu moja mia nne na kumi na tano Januari. Akiwa njiani kurudi nyumbani na mama yake, walipita ofisini kwa Osward. Laurence alilisoma tangazo mwenyewe, taratibu, akasema mwalimu hakukosea. Hela ya tumbaku haikuwepo.

"Mwezi bado haujaisha, mama," alisema Osward, akilifuta tangazo vumbi. Aliona haya kidogo, lakini alilifuta vizuri.

"Usiuharakishe, kaka," Ernestine alimjibu. "Nina wengine wawili wa kusomesha."