Safari ya Mama Kreszenz kwenda Innsbruck

Kaka yangu Kassian alikuwa na mkono mwepesi. Kwa nguruwe ulifaa: kisu kiliingia mara moja, damu ikaruka kwenye beseni nililolishika, mnyama akakoroma kidogo akanyamaza. Kwa watu ilikuwa balaa. Jino langu la mbele liliondoka na mkono huohuo mwaka aliofariki baba, kisa ndoo ya maziwa iliyomwagika.

Ilikuwa asubuhi ya Novemba na theluji ya kwanza ilikuwa imeshatua uani. Mdogo wetu Vigil alikuwa amepanda kutoka mji wa Innsbruck, kule bondeni, alikofanya kazi ya kumwaga zege, aje atusaidie kuchinja. Tulimbingirisha nguruwe kwenye hori refu la mbao, tukammwagia maji yaliyochemka na kumnyunyizia unga wa utomvu wa msonobari. Ndugu wawili wakashika mnyororo, huyu ncha hii na yule ncha ile, wakawa wanausugua mgongoni mwake kung'oa manyoya.

Mama alikaa kizingitini, blanketi magotini. Alikuwa na miaka sabini na miwili na ukungu machoni, na daktari alishamwambia kwamba Pasaka haitamkuta akiona. Maisha yake yote alikuwa ameutazama mji kutoka juu malishoni. Kushuka hakuwahi. Mara ng'ombe, mara watoto, mara vita, mara baba. Sasa alitaka kuliona lile paa la dhahabu, na wale watu wa shaba nyeusi, sanamu zinazolinda kaburi la kaisari kanisani. Nilikuwa nimeshampangia kila kitu.

"Nisomee tena, Mena," alisema.

Nilifuta mikono nikatoa karatasi. "Alhamisi. Basi la posta saa kumi na mbili, mbele ya kanisa. Garimoshi saa moja. Saa mbili tunakunywa kahawa kwa binamu Apollonia. Halafu paa, halafu watu wa shaba."

"Nivae kofia ipi?"

"Ile ya Pasaka, mama."

"Ile imeliwa na nondo."

"Watu wa shaba hawatajali," Vigil alisema. "Wenyewe hawajabadilisha nguo miaka mia nne."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Kassian hakucheka. Aliudondosha mnyororo, akaninyang'anya karatasi kwa vidole vyenye damu, akaigeuza. Nyuma kulikuwa na mwandiko wa Vigil ambao mimi sikuwa nimeuona.

"'Saa nne, wakili Prantl.' Wakili wa nini? Watu wa shaba wana kesi?"

Shamba lilikuwa bado kwa jina la mama, na Kassian alikuwa akilingojea mwaka wa kumi.

"Nilijua tu. Mla zege kachoka zege, sasa anataka kula shamba."

"Kaka, ngoja. Mama mwenyewe ndiye—"

"Mama haoni! Atatia sahihi hata kwenye tako la ng'ombe ukimwambia ni Biblia."

"Usimtukane mama."

"Nikimtukana utafanya nini, kijana wa mjini?"

Aliinama akauokota mnyororo, akauzungusha. Ulimpata Vigil sikioni akaanguka magoti. Kabla hajainuka, Kassian alikuwa ameshamfunga nao shingoni, akamburuta mpaka kwenye hori na kumkandamiza juu ya nguruwe, shavu moja na mkono mzima ndani ya maji yale. Nguruwe alipokufa alilia kidogo. Vigil alilia sana.

Mama aliinuka. Alikuja akipapasa, akifuata sauti, akashika koti la Kassian. Kassian alimsukuma kwa kiwiko bila kugeuka. Mama alianguka kwenye mawe, na kifundo cha mkono wake nilikisikia kikivunjika kama kijiti kikavu.

Hapo nilichukua rungu la kumzimishia nguruwe. Nilimpiga Kassian mgongoni, nikampiga begani. Aligeuka akicheka.

"Na wewe? Unataka jino la pili?"

Kwa kugeuka aliuachia mnyororo. Vigil aliibuka horini, ngozi ya mkono ikining'inia kama glavu. Kisu kilikuwa ukingoni. Alimchoma nacho kaka mara moja tu, juu ya paja, karibu na nyonga. Kassian alitazama suruali yake kama mtu aliyemwagiwa chai, kisha akakaa kwenye theluji.

Dereva wa lori la maziwa aliwachukua wote wawili. Nilipanda nyuma na Kassian, kichwa chake mapajani mwangu, ngumi zangu mbili juu ya jeraha. Damu ilipita katikati ya vidole.

"Mena," alisema, "shamba lilikuwa linaandikwa kwa nani?"

"Sijui, kaka."

Alikata roho kabla hatujafika bondeni.

Jioni ndipo mama aliponiambia, mkono umefungwa vibao. "Mimi ndiye niliyemtuma Vigil kwa wakili. Shamba lilikuwa liwe lako. Nilidhani nikitia sahihi huko mbali, Kassian hatapata wa kumpiga."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa."

Ningekataa kweli.

Mama alishuka Innsbruck mwezi wa pili, kwa ajili ya kesi. Kizimbani Vigil alisema, "Dada hakugusa kitu. Alikuwa amemshika mama." Nilisimama bila kuitwa.

"Anadanganya. Nilimpiga mara mbili kwa rungu, na nilitaka afe."

Vigil aliinamisha kichwa. "Mena, mjinga wee," alisema polepole.

Mama alipoulizwa, hakulia. "Mheshimiwa, nimewazaa wote watatu. Huyu aliyekufa nilimwogopa tangu ana miaka kumi na mitano. Ningesema mapema, nisingesimama hapa."

Vigil alipata miaka miwili. Mimi nilipewa kifungo cha nje. Nje ya mahakama Apollonia alimshika mama mkono, akamwambia kanisa la watu wa shaba liko pale tu, hatua chache.

"Nirudisheni nyumbani," mama alisema.

Vigil alitoka gerezani wakati wa kukata nyasi. Vidole vyake havikunjiki, fyekeo halishiki, kwa hiyo anakusanya kwa reki. Tunaishi watatu. Akipandisha sauti, hata kwa ng'ombe tu, huacha alichoshika na kwenda zake mtoni. Mama, ambaye sasa haoni kabisa, huuliza kaenda wapi. Namwambia yuko mtoni, atarudi. Na hurudi.