Butura ya Mama Edvina

Protase wa Kamachumu alikuwa na dawa ya uchumi wa nchi, na kilichomkosesha raha ni kwamba nchi haikuwa imemwuliza. Miaka kumi na minne alikuwa akipiga simu redioni kwenye kipindi cha asubuhi, mpaka watangazaji wakaijua namba yake, na wengine wao, Mungu awasamehe, wakaacha kuipokea. Alikuwa na madaftari sita yaliyojaa maoni. Wabunge walipwe kwa kufuata bei ya kahawa: ikishuka na mshahara ushuke, tuone kama haitapanda. Magari yote ya serikali yapakwe rangi ya manjano, ili wananchi wayaone yanapokwenda harusini. Kahawa isivuke mpaka wa mkoa bila kukaangwa. Majirani walimwita Waziri, naye alijifanya hapendi.

Mtu mwenye mambo mengi kichwani hatulii. Protase angeanza kupalilia asubuhi, na kabla hajafika mgomba wa tano wazo linamjia, anatupa jembe chini, anakimbilia ndani kuandika. Aliyemalizia palizi ni Celina, mkewe wa ndoa ya miaka ishirini na sita. Tuseme ukweli: mara nyingi ndiye aliyeianza pia. Celina hakuwa mtu wa maneno. Alimwekea chai mezani, akaliokota jembe, akaendelea pale lilipoangukia.

Kati ya maoni yote, moja ndilo lililomchemsha damu: butura. Kwa asiyeijua, butura ni kuuza kahawa ingali maua mtini. Mwenye shida anapewa hela kidogo Januari, na kahawa ikishaiva, mwenye hela anakuja kuchukua magunia yake kwa theluthi ya bei, pengine hata robo. Kwenye daftari la nne Protase aliandika kwa kalamu nyekundu: "Butura ndiyo inayoimaliza Kagera. Anayenunua na anayeuza, wote wawili, miezi sita jela." Neno "wote" alilipigia mstari mara mbili.

Mwaka huu Januari ilikuja na shida yake kama kawaida. Edvina, binti yao wa pekee, alikuwa anasomea uuguzi Rubya, na ada ilikuwa haijatimia. Celina alivaa kitenge chake kizuri, akatoka asubuhi siku mbili mfululizo, akarudi na ada kamili. "Nimepata kwenye kikoba," alimwambia mumewe. Protase alifurahi kupita kiasi. Palepale aliandika wazo jipya: vikoba vya akina mama viongezewe mtaji, maana matunda yake yeye mwenyewe ameyaona.

Mwezi wa tatu, nchi ikamwuliza. Kijana mmoja alipiga simu kutoka Bukoba, akasema kuna kongamano la kukusanya maoni ya wananchi kuhusu uchumi, na barua mojawapo aliyowahi kuipelekea redio imechaguliwa. Angekuwa mchangiaji namba kumi na moja. Angepewa dakika tatu, na redio ingerusha moja kwa moja.

"Nitasema butura," Protase alimwambia Celina jikoni, huku akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi.

Celina alikuwa anamenya ndizi. Kisu kilisimama. "Lazima butura? Si useme yale magari ya manjano?"

"Magari ni ya kuchekesha watu, Mama Edvina. Butura ndiyo kiini."

"Haya," alisema Celina, akaendelea kumenya.

Mwanamume mwingine angeuliza kulikoni. Protase alikuwa ameshaanza kupima ni maneno mangapi yanaenea katika dakika tatu.

Siku ya siku aliondoka alfajiri amevaa koti lake la misa, akashuka kwa bodaboda hadi Muhutwe, akadandia gari la kwanza. Saa mbili alikuwa Bukoba, na kongamano lilikuwa la saa nne. Kukaa hakuweza. Alizunguka soko mara mbili, akaulizwa na kila muuzaji anatafuta nini, akatembea hadi mtaa wa Kashai. Huko aliingia kwenye hoteli ya chai na kuagiza chai, na chapati ambayo hakuila.

"Mzee Protase! Shikamoo!"

Alikuwa Burhani, mwenye duka la vitambaa mtaa wa pili, ambaye msimu wa kahawa hupanda Kamachumu kununua kahawa iliyokaushwa na maganda yake. Mtu muungwana, mwenye kanzu safi na adabu zake.

"Marahaba, Burhani. Hujambo?"

"Sijambo, mzee wangu. Nimesikia jina lako redioni, hongera sana." Burhani alivuta kiti. "Na nimefurahi kukukuta. Ile kahawa yenu nitume gari mwezi wa sita au wa saba? Mama Edvina alisema ikikaribia nikuulize wewe."

"Kahawa ya nani?"

"Yenu. Ya kibanja cha juu, ile niliyompa hela ya ada Januari." Burhani alimtazama usoni, na sauti yake ikashuka. "Aliniambia mmeshauriana."

Protase aliisukuma chapati kando. Kitu cha kwanza kilichomjia si Edvina wala kahawa. Ni ile miezi sita jela. "Tumeshauriana," alisema. Uongo ulimtoka kwa urahisi hata mwenyewe akashangaa.

"Alhamdulillahi. Maana mimi si mtu mbaya, mzee. Benki walimtaka hati ya kiwanja. Kikoba chao kilikuwa kimeshagawana Desemba, sandukuni hamna kitu. Alikaa dukani kwangu anabishana bei mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Mke wako anajua kubisha, si mchezo. Wengine nawapa theluthi ya bei. Yeye ameninyang'anya nusu."

Protase aliaga bila kunywa chai. Barabarani alitembea haraka kama anayefukuzwa, na njia nzima alimkasirikia Celina. Amemdanganya! Mke wa Waziri! Alipofika kona ya pili hasira ikamgeukia yeye mwenyewe, kwa sababu alikumbuka kisu kilivyosimama kwenye ndizi. Sasa atasema nini? Akisoma kama alivyoandika, atakuwa amemfunga Celina kwa mdomo wake, na Kamachumu nzima inasikiliza, na Burhani anasikiliza. Akisema magari ya manjano, watu watacheka na kupiga makofi, naye atarudi nyumbani kichekesho kama alivyotoka. Akisema mke wangu ndiye aliyeuza, atakuwa amemvua nguo hadharani. Aliingia ukumbini hajaamua.

Mwenyekiti aliitwa Gamaliel, mtu wa suti na sauti nene, mwenye kengele ndogo mezani ya kuwakatisha wasemaji. Pembeni yake binti mmoja, Nasma, aliandika kila mchango kwenye kompyuta. Mwalimu mstaafu Ildefons alikuwa namba kumi, akadai reli ijengwe hadi Bukoba, akapigiwa kengele akiwa bado kwenye historia ya reli. Protase alikaa, akasimama, akakaa tena, mpaka jirani yake akamwuliza kama anaumwa.

"Namba kumi na moja. Bwana Protase wa Kamachumu."

Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Daftari alikuwa amelifungua, ila macho hayakutaka kulishukia.

"Waitu, ndugu wananchi," alisema. "Nilikuja kuwaambia kwamba anayeuza butura afungwe. Nimeandika hapa, miezi sita. Ila kabla hamjafunga mtu, nawauliza swali moja. Januari kahawa iko mtini, mtoto yuko chuoni, benki inataka hati, kikoba kimegawana. Huyo mkulima akakope wapi? Kama nchi ingemkopesha kwa kahawa ile ile ambayo mwenye duka anaiona na kuiamini, butura ingekufa yenyewe bila polisi. Mwenye duka anaona mali pale mtini. Serikali inaona maua tu."

Ukumbi ulikuwa umenyamaza. Angeishia hapo, angeshuka na heshima zake. Lakini alijua kwamba Burhani anasikiliza, na alijua kwamba Celina anasikiliza, na ule ukimya ulimtisha.

"Nayajua haya," alisema, "kwa sababu mimi mwenyewe nimeuza. Januari hii. Mimi, Protase."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mpaka mbele. "Waziri kauza maua!" mtu alipaza sauti, na hata mwalimu Ildefons alijifuta machozi. Gamaliel aligonga kengele. "Asante, mzee wetu. Changamoto binafsi tuzipeleke kwa watendaji wa vijiji. Hapa tunajenga uchumi wa taifa. Namba kumi na mbili!"

Protase alitoka nje, na moyoni, ajabu, alijisikia mwema. Amechekwa na mkoa mzima kwa ajili ya mkewe. Ameubeba mzigo wake, na jina la Celina halikutajwa. Mwanamke gani hataona hilo? Alisimama kivulini mwa ukuta, akampigia simu ili apewe shukrani zake.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia." Celina alijibu kwa Kiswahili. Nyumbani kwao walisema Kihaya, na Celina akihamia Kiswahili ujue mambo yameharibika. "Baba Edvina, nani aliuza kahawa?"

"Nimekutana na Burhani, najua yote. Sikutaka kukuaibisha."

"Sijauliza hivyo. Nani aliuza?"

"Wewe."

"Mimi. Mimi ndiye niliyekwenda benki nikasimamishwa mlangoni. Mimi ndiye niliyebishana na Burhani mpaka akapandisha bei. Nilikuficha, ni kweli, na hilo nitaliungama kwa padri, maana wewe ungenisomea daftari mpaka Edvina afukuzwe. Lakini kazi ile niliifanya mimi, na mtoto yuko darasani." Sauti yake ikazidi ukali. "Unasema mambo yako redioni miaka yote, sijawahi kukukataza. Mimi nimefanya jambo moja. Moja tu! Nalo umekwenda kusema ni lako?"

"Celina, walikuwa wananicheka..."

"Wakucheke. Mimi wangenicheka kwa jina langu." Akakata simu.

Protase aliitazama simu, akaiweka mfukoni, akaitoa tena. Akaelekea barabarani, akageuka. Wema wote aliokuwa anajisikia ulikuwa umemwishia, ameachwa mtupu na koti lake la misa. Ndani walikuwa wamesimama kwa ajili ya chai, watu wakigombania sambusa, na mtu mmoja alimpiga begani akamwita mfanyabiashara wa maua. Alipita. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya Nasma.

"Mwanangu, mimi namba kumi na moja. Umeandika nini?"

Nasma alisogeza maandishi kwenye kioo. "Bwana Protase, mkulima. Aliuza kahawa kwa butura. Anashauri wakulima wakopeshwe kwa dhamana ya kahawa iliyo shambani."

"Futa jina."

"Mzee, maoni yasiyo na jina hayapokelewi."

"Basi andika Celina wa Kamachumu. Ndiye aliyeuza. Ndiye aliyekwenda benki, na huo ushauri unatokana na yaliyompata yeye. Mimi sikujua chochote mpaka leo asubuhi."

"Huyu Celina yupo hapa ukumbini?"

"Yupo shambani. Ni mke wangu."

Nasma alifuta, akaandika upya taratibu, akimwuliza herufi za jina ingawa alizijua. Kisha aliinua macho, na hakuwa na dhihaka, alitaka tu kukamilisha maelezo yake.

"Na wewe, mzee wangu, wakati mama anahangaika hivyo, ulikuwa wapi?"

Foleni ya chai ilikuwa inasukumana nyuma yake.

"Nilikuwa naandika maoni," alisema Protase.