Chumvi Kabla ya Wakati

Nilikuwa mgane wa miaka hamsini na mbili, dereva wa malori makubwa, na siku hiyo nilikuwa namwogopa ajuza asiyenifika kifuani. Otilia alishakubali kuolewa nami. Mama yake bado, na Otilia aliniambia wazi: mama akikataa, hakuna ndoa. Basi nikaendesha siku mbili kutoka Durango, kaskazini mwa Meksiko, hadi Misantla, jimboni Veracruz, nikale maharage ya Jumapili nyumbani kwao.

Kwetu kaskazini tunakula maharage ya rangi ya mchanga. Wao Veracruz wanakula meusi, na hawana habari na mengine. Mama mtu, Doña Crescencia, alinitazama kuanzia viatu.

"Ndiye huyu mla vumbi?"

"Ndiye mimi, Doña."

"Lijitu lote hili! Haya, kaa uchochee moto. Sisi tunakwenda kanisani."

Wakaenda yeye, Otilia na kaka mtu, Nabor. Nikabaki na chungu kikitokota juu ya kuni. Harufu ilinitesa. Nikachota mchuzi kidogo, nikaonja. Hauna chumvi hata chembe! Nikajua ajuza amesahau, na mimi ndiye nitakayemwokoa. Nikatia konzi nzima, nikafunika, nikajiona mkwe tayari.

Waliporudi, Doña Crescencia alitia punje moja mdomoni. Ilialika kama changarawe.

"Nani katia chumvi? Chumvi inatiwa maharage yakishalainika! Sasa haya yataiva lini?" Akamgeukia Nabor, mwiko mkononi. "Ni wewe! Ulirudi nyuma ukasema umesahau kofia!"

"Mama, nilichukua kofia tu!"

"Mwaka jana pia ulichukua kofia!"

Nabor, baba wa watoto wanne, alishajikinga kichwa. Ningenyamaza, yangekwisha. Otilia alikuwa ananitazama. Alijua.

"Ni mimi, Doña," nikasema. "Nilidhani umesahau."

"Nimepika maharage miaka sitini, halafu nisahau?"

"Ndivyo nilivyodhani."

Nabor ndiye aliyeanza kucheka, akachapwa mwiko hata hivyo.

"Mume wa kwanza wa Otilia," ajuza akaniambia taratibu, "alivunja bakuli langu akamsingizia paka. Paka mwenyewe alikuwa ameshakufa." Akaketi. "Na sasa tutakula nini, mla vumbi?"

Mimi sisafiri bila maharage. Hoteli za barabarani huniumiza tumbo, kwa hiyo dada yangu hunipondea ya kwetu, anayakaanga kwa mafuta ya nguruwe, pilipili kavu na jibini, ananijazia kopo. Nikaenda kwenye lori nikalileta. Otilia akayapasha moto, akachoma chapati za mahindi. Tukakaa.

Doña Crescencia alikunja chapati, akachovya ncha tu. Akatafuna macho kayafumba. Akachovya tena, safari hii akakomba.

"Rangi yake inatia aibu," akasema. "Nani kapika?"

"Dada yangu."

"Ungemleta yeye, wewe ukabaki."

Nabor alikuwa anakwangua kopo kwa kidole. Otilia alicheka mpaka chapati ikamwanguka.

Yale meusi yaliendelea kuchemka mchana kutwa. Tulipokuja kuyala, jua lilikuwa limeshakaribia milima. Magumu kidogo, chumvi imezidi, na nasema kweli tupu: hata hivyo yalikuwa matamu kuliko yetu. Nilikula bakuli tatu. Durango sijamwambia mtu.

Doña Crescencia alihesabu bakuli zangu bila kuficha. Kisha akaingia jikoni, tukamsikia akimimina maharage makavu kwenye beseni kuyaloweka kwa ajili ya kesho.

"Otilia! Vikombe vingapi vinamtosha huyu?"

"Viwili, mama. Lakini si anaondoka kesho asubuhi?"

"Aondoke aende wapi? Padri anaandikisha ndoa Jumatatu mchana. Mwambie alale, na Nabor afiche chumvi."