Taa Nyekundu za Javan

Wakoli, fundi wa umeme wa magari huko Ziwani, ndiye aliyemfungia mdogo wake Javan taa za ukungu. Alizifunga chini ya bampa la pikapu, akazielekeza kwenye lami, kisha akampa maneno ya mkubwa.

"Ukungu ukishuka pale Kimende, usiwashe taa za fulu, zile kali. Mwanga utakurudi machoni. Washa hizi, upunguze mwendo. Na taa za nyuma usizime hata ukisimama. Wakuone."

"Nimeskia, bro," akasema Javan, ambaye kila Ijumaa alileta kabeji sokoni kutoka Kinangop.

Ijumaa moja ya Julai, asubuhi, ukungu ulitanda hata barabara ikapotea. Javan akafanya busara: akajitoa kando, akasimama angoje upungue. Taa akaziacha zikiwaka. Lori likamgonga kwa nyuma, akafa papo hapo.

Wakoli alipofika kituo cha polisi, alimkuta dereva wa lori, Obura, kwenye benchi, bandeji kichwani.

"Sikuwa naona barabara," Obura akamwambia. "Niliona taa zake nyekundu, nikajua ni gari linatembea. Nikazifuata."

Wakoli akaketi kando yake.

Matangani, Triza, mjane wa Javan, alimsifu Wakoli mbele ya watu: shemeji alimpenda mume wangu, hata taa alimfungia mwenyewe. Wakoli aliinamisha kichwa. Kila neno lilimchoma.

Wiki mbili baada ya mazishi alikwenda nyumbani kwa Triza, mtaa wa Tassia. Chai ilipoa mbele yake kabla hajapata pa kuanzia.

"Shemeji, mimi ndiye niliyemwambia asizime taa. Angezizima akiwa kando, yule dereva asingemfuata. Nilimfundisha vibaya."

Triza akasogeza kikombe chake pembeni.

"Kwa nini unaniambia?"

"Nimeshindwa kulibeba jambo hili."

"Kwa hivyo umeniletea mimi."

Triza akajifunika uso kwa leso, akalia kilio ambacho hakuwa amelia hata kaburini. Wakoli akainuka, akashika mlango.

"Kaa," akasema Triza bila kufunua uso. "Watoto wanakaribia kutoka shule. Kila siku wanakuulizia."

Akarudi, akaketi.