Majibu ya Zabibu kwa Watu wa Meli

Zabibu alikuwa ametandika vitanda miaka sita katika nyumba ya wageni ya Mama Labhuben, Ikwiriri, alipoitwa kwenye usaili wa kazi ya meli ya watalii. Usaili ulikuwa wa video, kwa Kiingereza, saa nne asubuhi. Mama Labhuben alimpisha ofisini kwake, akazima feni iliyokuwa ikipiga kelele, kisha akaketi nje ya mlango na ungo wa mchele, akijifanya anachambua.

Kwa wiki mbili Zabibu alikuwa amekariri majibu aliyoyapata mtandaoni. Kwa hiyo msaili, bwana mmoja wa Dar es Salaam aitwaye Joachim, alipouliza, "Ukielemewa na kazi unafanyaje?" aliyamwaga kama shairi la shuleni: navuta pumzi, napanga vipaumbele, nabaki na mtazamo chanya.

Joachim akavua miwani. "Dada Zabibu, jibu hilo nimelisikia mara tano leo. Nieleze siku moja uliyoelemewa kweli. Ulifanya nini?"

Yote aliyokariri yakamtoka kichwani. Iliyobaki ni siku ile ya mvua.

"Barabara ya kusini ilikatika," alianza. "Mabasi mawili yakakwama hapa mjini. Tuna vyumba kumi na vinne. Walioingia mlangoni ni watu zaidi ya themanini, wamelowa chapachapa, na mimi nilikuwa zamu peke yangu. Bosi alikuwa Dar, hospitali. Cha kwanza, nilibandika chai. Mtu aliyeshika kikombe cha moto hapigi kelele sana. Kisha nikaandika karatasi, nikaiweka ukutani: vitanda ni vya wenye watoto wachanga, wagonjwa na wazee. Wengine mikeka, ukumbini."

"Wakakubali?"

"Wapi! Baba mmoja alikuwa ameshachukua chumba. Alinitukana mbele ya watu. Nikamwambia, 'Baba, una haki. Ila njoo umwone ninayemwombea hicho chumba.' Alikuwa mama mwenye mtoto wa siku tisa. Yule baba akanirudishia ufunguo. Nikamwomba anisaidie kugawa chai, na tangu hapo yeye ndiye aliyewatuliza wenzake."

"Na wewe, nani alikutuliza?"

"Walipokwisha kunywa chai niliona naweza kuwaacha kidogo. Nikaenda uani, nikalia. Dakika tano hivi. Nikanawa uso, nikarudi kugawa mashuka."

Huko nje, ungo ulikuwa umenyamaza.

"Melini hakuna ua," Joachim alisema. "Kazi saa kumi kwa siku, miezi minane, chumba kimoja mnalala wawili. Utalilia wapi?"

Zabibu akacheka, na woga ukamtoka. "Nimezaliwa Mbuchi, kwenye delta. Maji yakijaa hatutoki mpaka yapwe, na nyumbani tulikuwa tisa kwenye vyumba viwili. Kukaa na watu nakujua: kuna saa ya kuzungumza na mwenzako na saa ya kumwacha. Na siku hizi sisubiri mpaka nilie. Baada ya mvua zile nilichoka nikanyamaza, mpaka nikaanguka na ndoo ngazini. Bosi akaniambia, uchovu unasemwa mapema. Basi nitamwambia msimamizi wangu kabla sijaharibu kazi."

Joachim aliandika kwa muda mrefu.

Usaili ulipokwisha, Mama Labhuben aliingia. "Themanini! Mimi uliniambia wageni walikuwa wengi kidogo!"

"Ulikuwa umetoka kufanyiwa upasuaji wa macho, mama. Ningekuambiaje?"

Mama Labhuben alitaka kumkaripia, akashindwa. Alimshika bega tu, akaenda kuwasha feni.

Baada ya siku tisa barua pepe ilifika. Zabibu alikuwa amepata kazi ya kuhudumia vyumba. Kilichobaki ni vipimo vya afya na safari. Alipompigia mama yake Mbuchi, yule mama aliweka simu chini akapiga vigelegele, na Zabibu akasikia majirani nao wakiitikia kabla hawajajua habari yenyewe.

Wiki nzima Mama Labhuben hakumpa mgeni ufunguo bila kumweleza kwanza. "Anayekutandikia kitanda leo anakwenda melini. Wamemuuliza maswali magumu, kayajibu yote kwa kinywa chake."

Zabibu alimsihi aache. Hakuacha. Na ukweli ni kwamba Zabibu, akipita na mashuka yake mkononi, alikuwa anapunguza mwendo kidogo karibu na mapokezi, asikie mpaka mwisho.