Kilo Sitini na Nane za Iresha

Mzani wa shule uliishia kilo sitini. Jumanne ya kupima afya, mshale ulifika mwisho ukakwama, na Mwalimu Padmini akamtuma Iresha barabarani kwa mnunuzi wa majani ya chai, akapimwe kwenye mzani wa kuning'inia. Darasa zima la tano likamfuata.

Mnunuzi alitundika gunia tupu, Iresha akaingia ndani yake, akainua miguu.

"Sitini na nane," alisema mnunuzi.

"Toa mbili za maji!" Dulmini akapaza sauti. "Na moja ya gunia!"

Hapakuwa na mtoto pale ambaye mama yake hakuchuma chai, na wote walijua mnunuzi anavyokata kilo za majani kwa ajili ya maji na gunia, kwa hiyo walicheka mpaka wakashikana mabega. Mnunuzi naye alicheka. Kisha akaandika sitini na nane, hakukata kitu.

"Huyu hana maji," alisema.

Iresha alikuwa na miaka kumi na miwili, na darasa la tano alikuwa akilirudia mara ya pili. Herufi za kwao ni za mviringo, hazina kona za kujishikia, na kila alipoinamia kitabu zilibingirika mpaka chini ya ukurasa zikarundikana pale. Alikwisha kumweleza Mwalimu Padmini jambo hilo. Mwalimu alimwambia akae wima.

Alhamisi Mwalimu Mkuu, Bwana Wimalaratne, alimwita mama yake Iresha ofisini. Mtihani wa darasa la tano ulibaki miezi mitatu. Bango la matokeo lilikuwa limeegeshwa ukutani, limeshachorwa na fundi wa mjini Deniyaya: Asilimia Mia Moja, na chini yake miduara mitupu ishirini na miwili ya kubandika picha za watakaofaulu. Darasani walikuwa ishirini na watatu.

"Mama Iresha, mtoto apumzike," alisema Mwalimu Mkuu.

"Apumzike mpaka lini?"

"Mpaka mtihani upite."

"Na ukipita?"

"Ukipita, mama, atakuwa mkubwa kuliko madawati yetu. Hata sasa unaona mwenyewe."

Somalatha, mama yake Iresha, alitazama wembe ukilikwangua jina la mwanawe kwenye daftari la mahudhurio, na Mwalimu Mkuu akiyapuliza mabaki yake kutoka mezani. Iresha alibeba mkoba, wakarudi nyumbani. Mwavuli aliusahau.

Asubuhi ya Ijumaa shule ilikuwa imeinuka shubiri moja kutoka chini. Mwalimu Padmini alisogeza tofali mlangoni, watoto wakapanda, wakasoma hesabu. Jumatatu ilikuwa imefika usawa wa goti, na bomba la maji likachomoka. Mlinzi aliliziba kwa kumbi la nazi. Seremala alileta ngazi ya vipandio vitatu, kisha ya vitano. Kila siku Mwalimu Padmini alipima kimo kwa rula ndefu na kukiandika ubaoni, chini ya tarehe. Upepo ulipoigeuza shule ikatazama hekaluni, waliifunga kwa kamba ya fahali kwenye mfenesi, na masomo yakaendelea.

Taabu ililetwa na barua. Ofisi ya mitihani iliandika kwamba kituo cha mtihani lazima kiwe kimegusa kiwanja chake. Mwalimu Mkuu alipakia magunia ya mchanga madarasani ili shule ishuke. Alipakia akina baba watano wa wanafunzi, na injini ya trekta. Shule haikushuka hata kidole.

Siku hiyohiyo Iresha alikuja kuchukua mwavuli. Alikanyaga kipandio cha kwanza, shule ikateremka. Alipoingia darasani, ilikaa chini polepole kama kuku anayekalia mayai. Mlinzi akaliunganisha bomba.

Jioni Mwalimu Mkuu alikwenda kwao na fungu la majani ya tambuu. Majani yale watoto ndio huwapelekea walimu wao, wakipiga magoti. Safari hii yalikwenda upande wa pili, ila magoti hayakukunjwa.

"Mwanangu, njoo ukae," alisema. "Karibu na dirisha, kwenye hewa. Hutasumbuliwa na masomo."

"Nataka kusumbuliwa," Iresha akasema.

Mwalimu Mkuu alimtazama Somalatha. Somalatha alikuwa anachambua dengu, hakuinua kichwa.

"Nataka jina langu kwenye daftari," Iresha akaendelea, "na herufi. Moja moja, nikiishika hii ndiyo nipewe nyingine. Na karatasi ya mtihani kama wenzangu."

"Jina tutaliandika. Na mengine hayo yatafuata."

"Umesema, Mwalimu Mkuu."

"Nimesema."

Alikaa dirishani miezi miwili. Shule ilitulia, kamba ikalegea. Kila asubuhi alimuuliza Mwalimu Padmini kama leo ndiyo siku ya herufi, na Mwalimu Padmini, ambaye hakuwa mtu mbaya, alijibu, "Kesho, mwanangu. Unaona nilivyobanwa na hawa wa mtihani."

Ijumaa kabla ya mtihani Dulmini alitumwa ofisini kuchukua chaki. Aliporudi alikaa karibu na Iresha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Dada," alinong'ona, "wamekuandika na makabati."

"Nisomee."

"Daftari la mali liko ofisini, lakini nimeyashika kichwani. Meza ishirini na tatu. Makabati mawili, moja halina mlango. Bendera moja. Iresha mmoja, hali yake nzuri."

"Imeandikwa hali yangu nzuri?"

"Naapa. Lile kabati wameliandika bovu."

Iresha alifikiri kidogo. "Asante," akasema.

Jumapili ya mtihani watoto walikuja na mavazi meupe yaliyopigwa pasi, na mama zao wakakaa nje chini ya mfenesi. Msimamizi mgeni aligawa karatasi ishirini na mbili. Iresha aliinua mkono.

"Na yangu?"

Msimamizi aliangalia orodha, kisha akamwangalia Mwalimu Mkuu mlangoni.

"Huyo si mtahiniwa," alisema Mwalimu Mkuu. "Huyo ni wa jengo."

Iresha alisimama. Alichukua mwavuli.

"Kaa chini, mwanangu. Tafadhali. Leo tu."

"Nimekaa miezi miwili," Iresha akasema. "Leo nasimama."

Alishuka bila haraka. Mguu wake wa pili ulipogusa udongo, shule iliondoka. Kamba ya fahali ilikazika, mfenesi ukatikisika na kuangusha mafenesi mawili, kisha kamba ikakatika. Akina mama walisogea wasipigwe na mafenesi. Somalatha alimkunjulia mwanawe kifurushi cha wali.

"Umemaliza mapema," alisema.

"Sijaanza, mama."

Wakala.

Huko juu mtihani uliendelea. Msimamizi aliandika kimo kwenye ripoti yake, akatia sahihi, na karatasi zikateremshwa kwa kikapu. Ofisi ya mitihani ilijibu baadaye kwamba kanuni imerekebishwa. Wote ishirini na wawili walifaulu. Bango lilitundikwa ukutani na picha zao, lakini kwa kimo kile hakuna mtu wa chini aliyeweza kulisoma, mwenye herufi wala asiye nazo.

Pale shule iliposimama zamani pamebaki udongo mwekundu, laini, sawa kama meza. Iresha huenda hapo kila asubuhi, saa ya kengele. Huvua ndara, akaburuta kisigino kwa uzito wake wote, na herufi iliyochorwa kwa kilo sitini na nane haibingiriki. Ya kwanza ya jina lake ilikuwa pana kama mkeka wa kuanikia mpunga.

"Mkia upande mwingine, dada!" Dulmini alipiga kelele kutoka dirishani huko juu. "Mwingine! Hapo hapo!"

Mwalimu Mkuu aliagiza madirisha ya upande ule yafungwe kwa misumari, na seremala akaongeza vipandio vinne kwenye ngazi.

Iresha aliufuta mkia kwa unyayo, akauchora upya, mkubwa zaidi.